Mahabusu Asiyesikia

Kwetu visiwani gereza huitwa chuo cha mafunzo, na waliofungwa huitwa wanafunzi. Chuo nilichokaa mimi ni kidogo, kiko shamba, mwendo wa kutosha kutoka barabara ya lami, na kwa miaka mingi hakikuwa na askari mwanamke hata mmoja. Mimi sikuwa askari. Nilikuwa mke wa askari. Nilitoka kwetu Wawi nikaolewa, nikaja kukaa kwenye nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya ukuta, nikawa napika, nafua, nalima mchicha wangu kama mwanamke mwengine yeyote.

Ila kila alipoletwa mwanamke, mume wangu hunijia jikoni. "Mkuu anakuita. Kuna mtu wa kukaguliwa."

Basi huwacha sufuria nikenda. Sheria hairuhusu mwanamume kumpekua mwanamke, wala kuingia upande wa wanawake peke yake. Upande wenyewe ulikuwa chumba kimoja, zamani ghala la majembe na magunia ya karafuu, na harufu ya karafuu haikupata kutoka. Kwa kuwa askari wote ni wanaume, mlango ule haukufunguliwa mpaka niwepo. Mwanamke aliyemo ndani ataoga saa ngapi, atapelekwa chooni saa ngapi, ilitegemea mimi nimemaliza kupika saa ngapi. Siku nikiwa na homa, hakutoka. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walinisifu, na mimi najua zile siku za homa.

Mara nyingi chumba kilikuwa kitupu. Wanawake walikuja wachache, wakakaa wiki, wakaondoka. Mpaka alipoletwa huyu wa kisiwa cha Fundo.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mikono imekauka kwa chumvi. Alikuwa mkulima wa mwani. Walisema amemkata jirani yake mkono kwa kisu, walipogombania kamba za mwani pwani, na jirani vidole viwili havikunjiki tena. Nilipomwambia avue buibui nimkague hakutikisika. Nikasema tena kwa sauti. Akaniangalia mdomo. Askari aliyemleta akasema kutoka nje ya mlango, "Huyo hasikii wala hasemi, mama. Tangu kuzaliwa."

Siku ya kwanza tulikaa tu tukitazamana. Mimi nilijiona mjinga kuliko yeye. Nilimpa maji, akanywa. Nilimwonesha ndoo, akaelewa. Nilipofunga mlango alisimama karibu sana nao, nami nikasikia viganja vyake vikipapasa mbao upande wa pili.

Alkhamisi akaja mama yake.

Alikuwa kikongwe mwembamba mwenye kipini cha dhahabu puani. Alivuka kwa mashua mpaka Wete, akapanda gari, kisha akatembea, na alipofika langoni alikaa chini kabla hajamwamkia mtu. Nikamkaribisha. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo unaekaa naye?"

"Ndiye mie."

"Ntoto wangu hasikii, lakini si mwehu. Naomba mulijue hilo. Si mwehu."

Tukamtoa msichana akasimama upande wake wa waya, mama upande wake. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sijapata kukiona. Mikono yao ilikwenda mbio. Uso, mabega, nyusi, vyote vilisema. Msichana yule niliyemwona kama gogo kwa siku tatu alikuwa na maneno mengi kuliko mimi. Alilalamika, akauliza, akacheka, akamgombeza mama yake kwa jambo nisilolijua. Askari wa langoni alisahau kuangalia saa.

Mama alikuja kila Alkhamisi. Mwanzo nilikaa pembeni, baadaye nikawa namuuliza, na yeye akinifundisha kidogo kidogo. Bahari ni kiganja kinachopepea. Njaa ni ngumi tumboni. Mama mwenyewe ni kidole ubavuni mwa pua, pale penye kipini. Nikauliza, mimi je, mimi ananiitaje? Bibi akacheka akafunika mdomo kwa ukaya aliojitanda kichwani. Akaona haya kunambia. Msichana ndiye aliyenionesha: mkono kiunoni, ukizunguka, kama mtu afunguaye kufuli.

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Kesi yake haikwenda. Kila akipelekwa mahakamani anarudi siku ile ile na tarehe mpya. Hakimu alitaka mkalimani, na mama hakukubaliwa kwa sababu ni mzazi, atamtetea mwanawe. Walisema mkalimani atatoka Unguja. Hakuja. Kwa hivyo msichana akapanda gari la wazi la polisi, waliokuja na askari wao wa kike, akasimama mbele ya watu wanaotikisa midomo, akarudi kwangu, na jioni akiniuliza kwa mikono mambo ambayo sikuwa na majibu yake wala sikuwa na mikono ya kuyajibu. Miezi ikapita. Nilijifunza alama kama thelathini hivi. Nilizihesabu wakati mmoja, nikaona kuku wangu bandani wana sauti zaidi ya hizo.

Asubuhi ya Ijumaa moja mume wangu alinijia uani. Hakuniita jikoni kama kawaida. Alisimama akashika mlango.

"Sheha wa Fundo amempigia simu mkuu. Yule bibi amefariki alfajiri."

"Bibi gani?"

Nilijua bibi gani. Nilitaka tu asinijibu mara moja.

"Watazika baada ya sala ya Ijumaa," akasema.

Nilivaa buibui nikenda ofisini kwa mkuu. Alikuwa mtu mzima, karibu ya kustaafu, mwenye sauti ndogo. Kwenye meza yake palikuwa na chai iliyopoa. Nikamwambia, afande, apelekwe akamuone mama yake kabla hajatiwa kaburini, muda upo.

"Nani ampeleke?" akaniuliza.

"Askari."

"Askari wangu leo wanne. Wawili wako shambani na wanafunzi, mmoja langoni, mmoja hajalala tangu jana. Mahabusu hatoki bila ya askari wawili, na akiwa mwanamke mmoja wao awe mwanamke. Huyo mwanamke nimtoe wapi?"

"Nichukue mie."

"Wewe si askari."

"Nimekaa naye miezi yote hii. Nani mwengine anaekaa naye?"

"Najua. Lakini si askari. Akikutoroka, kwenye karatasi nitaandika nani alikuwa naye? Mke wa fulani?"

"Atatorokea wapi, afande? Anakwenda kumzika mama yake."

Alivuta mtoto wa meza akatoa faili, akalifungua mbele yangu. Zilikuwa nakala za barua. Anaomba askari wa kike. Anaomba gari. Anaomba muuguzi japo mara moja kwa wiki. Karatasi za chini zilikuwa zimegeuka rangi. "Soma," akasema. "Usinione mimi sina moyo. Soma."

Sikusoma. Nikamuuliza, "Basi nani atamwambia?"

Akatazama dirishani kwenye muhogo. "Wewe ndo unaemjua."

Adhana ya Ijumaa ilinikuta uani. Nilisikia askari wakitia udhu kwenye bomba, nikasikia msikiti wa kijiji ukikimu, nikajua huko Fundo jeneza liko mbele ya safu. Yeye alikuwa nyuma ya mlango wa ghala akisuka ukili wa mkeka niliompa.

Sikumwambia siku ile. Wala Jumamosi. Kila nilipofungua mlango nilijiambia nitamwambia akishakula, na akishakula nikajiambia akishaoga. Mume wangu alinambia mwache, atajua mwenyewe. Nikamuuliza atajuaje, na nani atamfikishia. Hata yeye aliona alichokisema.

Alkhamisi alioga mapema. Alijipaka mafuta nywele, akafunga kanga mpya aliyoletewa na mama yake, akaenda kukaa kwenye waya. Jua likapanda. Akaniangalia, akagusa pua yake, akanyoosha kidole njiani. Mama. Yuko wapi?

Nikamshika mkono nikamrudisha chumbani.

Mimi nilikuwa na alama thelathini na hakuna hata moja ya kifo. Sikupata kumuuliza bibi. Tulizungumza habari za bahari, njaa, mvua, samaki, lakini hilo nani atauliza? Niligusa pua yangu. Mama. Nikaweka mashavu juu ya viganja. Amelala. Akaniuliza kwa kuweka mkono kwenye paji la uso: ana homa? Nikatikisa kichwa. Nikarudia, mama, amelala. Akapandisha mabega. Kulala mbona si habari?

Nilikuwa nimekuja na shuka nyeupe. Nikaitandika chini, nikalala juu yake chali, nikajifunika miguu, tumbo, kifua, mpaka uso. Nikasikia anacheka. Alidhani namchezea, maana zamani tuliwahi kufanyiana mizaha kama hiyo. Akanigusa mguu kwa kidole. Sikutikisika. Akanitikisa bega. Nilikaa vile vile nikibana pumzi, machozi yananiingia masikioni, mpaka kicheko kikakatika.

Nilipofunua uso alikuwa amepiga magoti. Niligusa pua yangu kwa mara ya mwisho, kisha nikachota mchanga wa sakafuni kwa mkono nikaumwaga juu ya shuka.

Sauti aliyoitoa sitaieleza. Askari wa zamu alikuja mbio akasimama nje ya mlango, "Kuna nini humo? Mama, kuna nini?" na hakuweza kuingia, kwa sababu hairuhusiwi. Alisimama pale pale akiuliza. Msichana alinipiga kifuani kwa ngumi mbili, si kwa nguvu. Kisha akatulia akaniuliza jambo ambalo nililielewa mara moja: alichora jua likipanda na likizama, akafungua vidole. Jua ngapi?

Ningeweza kudanganya. Nilinyoosha vidole saba, kwa kuihesabu na ile Ijumaa yenyewe.

Akavihesabu kwa kuvigusa kimoja kimoja. Halafu akageukia ukutani.

Kuanzia siku hiyo hakuitazama mikono yangu. Nikiinua mkono yeye huangalia pengine. Mtu asiyesikia hahitaji kuziba masikio. Hugeuza macho tu, na wewe umenyamazishwa.

Hakula vizuri. Akapungua, akapata vidonda mdomoni, na muuguzi hakuwepo. Nilimletea uji, asali, kila nilichokijua. Mume wangu alianza kulalamika kwamba nyumba yangu nimeihamishia ghalani, na alikuwa na haki yake.

Baada ya miezi kama miwili wakaja wageni wa ukaguzi kutoka mjini. Chuo kilipakwa chokaa mpaka usawa wa kiuno. Mimi niliambiwa nipike maandazi na chai, nipeleke ofisini, niweke, nitoke. Walikuwa watu wanne, mmoja wao mwanamke mwenye miwani. Niliweka sinia. Mkuu alikuwa anaeleza kwamba hali ni nzuri isipokuwa upungufu wa hapa na pale.

Sikupanga kusema. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Yule mwanamke akauliza, "Na wanawake, nani anawahudumia?" na mkuu akainamia makaratasi yake, nami nikajisikia nasema, "Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mke wa askari. Ndie niliyekupikieni hayo maandazi."

Nikawaeleza yote. Nilisema vibaya, kwa kurukaruka, nikaanza na zile siku za homa badala ya kuanza na mazishi. Nilipofika kwenye shuka sikuweza kuendelea. Hakuna aliyekunywa chai. Nilidhani mkuu ataniadhibu kupitia kwa mume wangu, maana ndivyo ilivyo chuoni. Yeye alivuta mtoto wa meza akatoa faili lile lile akampa yule mwanamke mwenye miwani. "Nakala ziko hapa," akasema kwa ile sauti yake ndogo.

Sijui kilichowasukuma ni mimi au ni faili. Lakini mambo yalianza kuja. Kwanza alihamishiwa kwetu askari mwanamke kutoka Unguja, aliyelia wiki nzima kwa upweke. Kisha likaja tangazo la ajira, mkuu akanambia nijaze fomu, na kwa umri wangu ule nikapelekwa mafunzoni pamoja na wasichana wanaoweza kuwa wanangu. Nilikimbia nao alfajiri, magoti yakanivimba. Nilirudi na sare. Askari wa langoni, yule aliyekuwa akiniita mama, akanipigia saluti huku anacheka, nami nikaenda moja kwa moja ghalani. Yule wa Unguja alikuwa amemtunza vizuri. Muuguzi alikuwa ameanza kuja kila Jumanne, na vidonda vya mdomo vilikuwa vimepona. Msichana aliitazama sare yangu kuanzia viatu mpaka kofia. Kisha akaendelea na ukili wake.

Na mkalimani naye akapatikana, si kutoka Unguja bali hapa hapa, Tibirinzi. Alikuwa mwalimu kijana wa watoto wasiosikia. Alikuja na begi lake, akakaa mbele ya msichana, akaanza kuzungumza kwa mikono, vizuri, taratibu. Msichana alimwangalia kama alivyoniangalia mimi siku ya kwanza. Mwalimu akajaribu tena. Akajaribu kwa picha. Baada ya saa nzima akanigeukia.

"Afande, huyu hakupelekwa skuli?"

"Hakupelekwa. Wakati wake hapakuwa na skuli ya kumpeleka."

"Basi alama ninazozijua mimi yeye hazijui. Alizonazo ni za nyumbani kwao. Nani alikuwa akizungumza naye?"

"Mama yake."

"Naye yuko wapi?"

Nikamwambia.

Mwalimu akafunga begi lake polepole. "Lugha hii ilikuwa ya watu wawili," akasema. "Sasa amebaki na wewe unayejua kidogo."

Kwa hivyo siku ya kesi tulisimama wote, mwalimu na mimi. Hakimu aliuliza, mwalimu akayavunja maswali yawe mepesi, mimi nikayafanya kwa mikono, na msichana, kwa mara ya kwanza tangu siku ya shuka, akaitazama mikono yangu. Pengine alijua hana mwengine. Tulikwenda hivyo hivyo. Kamba ni za nani? Zangu. Kisu ulikuwa nacho kwa nini? Akaonesha kukata mwani. Nani alishika kwanza? Akamnyooshea kidole jirani.

"Muulize," hakimu akasema, "alimkata kwa makusudi?"

Nikamtazama mwalimu. Mwalimu akanitazama. Makusudi utayafanyaje kwa mikono? Nilionesha kisu, nikaonesha mkono, nikagusa moyo wangu, nikafanya uso wa kuuliza. Msichana akagusa moyo wake. Halafu akagusa pua.

"Anasemaje?" hakimu akauliza.

"Anasema mama, mheshimiwa."

"Mama ndio nini? Mama yake alimtuma? Anamtaka mama yake?"

"Sijui, mheshimiwa. Nimesikia hilo tu."

Jirani aliyekatwa alikuwa amekaa benchi la mbele, mkono wake umefungwa kwa kitambaa cha kanga. Alikuwa mwanamke wa makamo. Alikuwa akimjua bibi yule tangu utoto, na mimi nadhani kipini kile alikiona pale pale kama nilivyokiona mimi. Akasimama bila ya kuitwa. "Mheshimiwa, mie nimesamehe. Nkono ushaharibika, hautengenei hata akifungwa. Mwacheni aende."

Hakimu alimwambia akae chini, kuna utaratibu. Utaratibu ulichukua wiki tatu nyengine, kisha shauri likaondolewa.

Nilimrudisha Fundo mwenyewe, siku yangu ya mapumziko, bila ya sare. Kaka yake alitupokea pwani. Alikuwa amehamia nyumba ya mama na mkewe na watoto, akanieleza kwa haraka, kama mtu aliyeulizwa, kwamba nyumba haikai tupu. Msichana aliingia ndani, akaenda mpaka chumba cha uani, akakuta kimejaa madema ya kuvulia samaki na kamba. Akatoka akakaa kizingitini. Wifi yake akamletea maji. Hakuna hata mmoja pale aliyeinua mkono kumwambia neno. Walisemezana wenyewe kwa wenyewe juu ya kichwa chake, atalala wapi, na mimi nilisimama katikati nikiwa na alama thelathini.

Nilimwonesha: mimi, bahari, naondoka. Aliangalia. Akaitikia kwa kichwa, kama unavyomuitikia mtu wa ofisini.

Sijapata kumuona tena. Niliwahi kuuliza watu wa Fundo waliokuja Wete, wakanambia yupo, analima mwani, hana neno na mtu. Hana neno na mtu, ndivyo walivyosema, na wao walikusudia kumsifu.

Chuoni sasa tuko askari wanawake wanne. Ghala limetiwa madirisha na choo cha ndani, na pana benchi la wageni lenye paa. Mkuu yule alistaafu. Wa sasa ni kijana, na barua zake hujibiwa. Kila nikenda kwetu Wawi, dada zangu hunipa hongera ya kazi, hunambia tazama ulikotoka jikoni na ulipofika. Mimi huitikia. Hunywa chai yao, huuliza habari za watoto, na gari la kurudi likija hupanda nikarudi zamuni, funguo kiunoni.